Wasomaji Wanauliza: Nota za Opera Zilizohifadhiwa Milano

Katika toleo lililopita tulitaja kwa ufupi kwamba maandishi ya mkono ya opera (michezo ya kuigiza inayoimbwa) nyingi maarufu za Italia yametunzwa pamoja katika jengo moja mjini Milano. Sentensi hiyo moja imeleta barua nyingi kuliko makala yenyewe. Tumechagua sita kati ya hizo, na hatukulazimisha majibu yalingane kwa urefu, kwa kuwa maswali mengine yanadai masimulizi na mengine yanatosheka na maneno machache.

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa kwaya. Siku zote nimedhani kwamba nyaraka za kale hutunzwa na serikali au na kanisa. Hifadhi hii ya Milano ni ya nani, na ilianzaje?

Mwalimu, hifadhi unayoiulizia huitwa Archivio Storico Ricordi, yaani Hifadhi ya Kihistoria ya Ricordi, na chimbuko lake ni meza ya mnakili wa nota. Giovanni Ricordi, aliyezaliwa mwaka 1785, alikuwa mpigaji fidla aliyejipatia riziki kwa kunakili muziki kwa ajili ya majumba ya opera ya Milano. Mwaka 1807 alisafiri hadi Leipzig, Ujerumani, akajifunza uchapaji wa nota katika kampuni ya Breitkopf & Härtel, na mwaka uliofuata, 1808, akarudi na kufungua kampuni yake mwenyewe.

Ili kuelewa kwa nini mnakili aliishia kumiliki hazina ya namna hii, ni lazima kwanza tuelewe opera iliuzwaje wakati ule. Mwendeshaji wa jumba la opera alimwagiza mtunzi kazi mpya, mtunzi akaiandika kwa wiki chache, ikaimbwa, na mara nyingi mswada wa mkono wa mtunzi ukabaki mikononi mwa yule aliyelipa. Kitabu kikuu cha nota, chenye sehemu za waimbaji na za ala zote za orkestra kwa pamoja, ambacho Waitalia hukiita partitura, kwa kawaida hakikuchapwa. Kilichochapwa na kuuziwa umma kilikuwa nyimbo zilizopangwa upya kwa sauti na piano ili watu waziimbe nyumbani. Jumba jingine lililotaka kuionyesha opera hiyo lilihitaji nakala iliyoandikwa kwa mkono kutoka kwenye mswada wa asili, na hapo ndipo mnakili alipopata nguvu zake, kwa sababu aliyeushika mswada wa asili ndiye aliyeweza kutoa nakala sahihi na kuikodisha.

Ricordi aliliona jambo hili mapema kuliko wenzake. Mwaka 1814 alipata mkataba wa kunakili nota kwa ajili ya Teatro alla Scala, jumba kuu la opera la Milano, na mwaka 1825 akanunua hifadhi yote ya miswada ya jumba hilo. Kuanzia hapo alinunua haki za opera moja baada ya nyingine, na kila aliponunua haki alidai na mswada wenyewe. Kazi za watunzi wa opera Rossini, Bellini, Donizetti na Verdi zikaingia katika makabati yake, kisha mwanawe Tito na mjukuu wake Giulio wakaendeleza mwendo huohuo hadi enzi za mtunzi Puccini.

Kwa maoni yangu, ukamilifu wa hifadhi hii unatokana na kwamba walioijenga hawakuwa wakikusanya vitu vya kale. Mkusanyaji huchagua anachokipenda na kuacha kingine, lakini mfanyabiashara anayekodisha nota hawezi kutupa hata opera iliyozomewa usiku wa kwanza, maana huenda mji mwingine ukaiomba mwakani. Isitoshe, mswada ulikuwa ushahidi wa umiliki katika nchi ambayo bado haikuwa nchi moja. Sheria ya dola moja ndogo haikufika katika dola jirani, na wezi wa nota walikuwa wengi. Wengine walichukua nyimbo zilizochapwa kwa piano wakaziandikia sehemu za orkestra upya kwa kubahatisha, kisha wakaiuza kazi hiyo kwa jina la mtunzi. Mkataba wa mwaka 1840 kati ya Austria, iliyoitawala Milano wakati huo, na Ufalme wa Sardinia uliwapa watunzi na wachapaji kinga fulani, ingawa Napoli na kusini yote ilibaki nje ya mkataba huo.

Ama kuhusu umiliki, kampuni ya Ricordi ilinunuliwa na kampuni ya Kijerumani ya Bertelsmann mwaka 1994. Bertelsmann baadaye iliuza biashara ya uchapaji wa muziki kwa kampuni ya Universal lakini hifadhi haikuiuza. Tangu mwaka 2003 nyaraka zimewekwa katika Biblioteca Nazionale Braidense, maktaba ya taifa iliyomo katika jumba la Brera mjini Milano. Kwa hiyo mwenye mali ni kampuni binafsi, paa ni la serikali ya Italia, na sheria ya nchi hiyo ya urithi wa utamaduni inazuia nyaraka zilizotangazwa kuwa na thamani ya kihistoria zisitawanywe wala kutolewa nchini bila idhini.

Ndani yake mna partitura zipatazo 7,800, libreto (vitabu vya maneno ya opera) takriban 10,000, picha za kihistoria zipatazo 6,000, maelfu ya michoro ya mavazi na mapambo ya jukwaa, pamoja na makumi ya maelfu ya barua. Kati ya opera 28 za Verdi, miswada ya 23 imo humo. Za Puccini zimo zote isipokuwa *La rondine*, ambayo ilichapishwa na kampuni shindani ya Sonzogno.

Ikiwa muziki huo ulikwisha kuchapishwa zamani na waimbaji wa dunia nzima wanautumia, kuna haja gani ya kuendelea kugharamia karatasi kuukuu?

Swali hili limeulizwa na wasomaji watatu kwa maneno tofauti, na ni la haki. Jibu ni kwamba chapa nyingi za karne ya 19 hazikufanana na mswada, na tofauti hizo zinasikika kwa masikio.

Tuchukue jinsi Verdi alivyofanya kazi. Alianza kwa kuandika kile ambacho wataalamu hukiita mifupa ya partitura: sauti za waimbaji, mstari wa besi, na vidokezo vichache vya ala pale ambapo fidla au filimbi ilibeba wimbo. Mistari mingine yote aliiacha wazi. Wanakili walichukua mifupa hiyo na kutoa sehemu za waimbaji ili waanze kujifunza, naye Verdi aliporudishiwa karatasi zake alizijaza ala zilizobaki, mara nyingi siku chache kabla ya onyesho na baada ya kuwasikia waimbaji wenyewe. Mtaalamu anayeufungua mswada leo huona rangi mbili za wino mahali pamoja, na kutokana na hilo anaweza kutenganisha lililowazwa kwanza na lililoongezwa baadaye. Hakuna chapa inayoweza kumwonyesha hilo, kwa sababu katika chapa wino wote ni mmoja.

Kisha kuna suala la alama ndogo. Mtunzi anayekimbizana na tarehe ya onyesho huandika alama ya kufunga noti pamoja katika mstari wa fidla ya kwanza, akaiacha katika fidla ya pili, akitumaini kwamba mnakili ataelewa. Mnakili wa kwanza alielewa hivi, wa pili akaelewa vile, mchapaji akataka kurasa zake zipendeze na akasawazisha kila kitu. Baada ya miaka hamsini ya kunakili kutoka kwenye nakala, mahali ambapo Verdi alitaka sauti ndogo iliyobanwa waimbaji walikuwa wakipaza, na kila mmoja aliapa kwamba ndivyo ilivyoandikwa.

Ndiyo sababu kazi ya kulinganisha vyanzo upya ilianza. Kwa upande wa Verdi, University of Chicago Press kwa kushirikiana na Ricordi walitoa juzuu ya kwanza ya toleo la kitaalamu mwaka 1983, nayo ilikuwa *Rigoletto*, opera iliyoonyeshwa mara ya kwanza Venezia tarehe 11 Machi 1851. Mmarekani Philip Gossett, aliyefariki mwaka 2017, ndiye aliyeusukuma mradi huo kwa miongo mingi, na alifanya kazi kama hiyo kwa muziki wa Rossini pia.

Mfano wa Rossini unanigusa zaidi kuliko yote. Mwaka 1825 aliandika *Il viaggio a Reims* kwa ajili ya sherehe za kutawazwa kwa Mfalme Charles X wa Ufaransa. Iliimbwa mara chache tu, kisha mtunzi mwenyewe akaiondoa, na miaka mitatu baadaye akatumia sehemu kubwa ya muziki wake katika opera nyingine, *Le Comte Ory*. Ile ya kwanza ikahesabiwa kuwa imekufa. Ilikuwa hadi miaka ya 1970 ndipo sehemu za mswada wake zilipotambuliwa katika maktaba ya Konsevatori (chuo cha muziki) ya Santa Cecilia mjini Roma, na kwa kuziunganisha na karatasi nyingine zilizopatikana Paris na Vienna, wataalamu waliweza kuijenga upya. Iliimbwa Pesaro, mji aliozaliwa Rossini, mwaka 1984, chini ya uongozi wa Claudio Abbado. Watu waliokuwa ukumbini jioni ile walisikia muziki ambao babu zao na baba zao hawakupata kuusikia, na wasingeusikia wao pia kama mkutubi fulani, wakati fulani, angeamua kwamba furushi la karatasi zisizo na jina halistahili nafasi katika rafu.

Niliwahi kusikia kwamba nota za mtunzi Vivaldi zilipotea kwa karibu miaka mia mbili. Je, ni kweli, na zilipatikana wapi?

Ni kweli kwa sehemu kubwa, ingawa hazikuwahi kufika Milano. Ziko Torino, katika Maktaba ya Taifa ya Chuo Kikuu.

Antonio Vivaldi alifariki Vienna mwaka 1741, mbali na kwao Venezia, akiwa maskini. Kazi zilizochapishwa wakati wa uhai wake, ikiwa ni pamoja na zile konseto (vipande vya ala moja ikishindana na orkestra) nne za majira ya mwaka zilizotoka Amsterdam mwaka 1725, hazikupotea kabisa. Kilichotoweka ni karatasi zake mwenyewe, yaani mamia ya konseto ambazo hazikuchapwa, opera zake, na muziki wake wa kanisa. Karatasi hizo zilipita katika mikono kadhaa hadi zikamfikia Count Giacomo Durazzo, mtu wa Genova aliyekuwa balozi Venezia, na baada ya kifo chake zikabaki katika ukoo, zikagawanywa kwa warithi wa pande mbili, na pande hizo zikasahauliana.

Mwaka 1926 chuo cha Wasalesiani, shirika la watawa wa Kikatoliki, kilichoko Borgo San Martino, katika jimbo la Piemonte, kilihitaji fedha za matengenezo, kikaamua kuuza vitabu vya muziki kilivyokuwa kimeachiwa na mmoja wa warithi. Walimwomba Luigi Torri, mkurugenzi wa maktaba ya Torino, awaambie thamani yake. Torri akaviwasilisha kwa Alberto Gentili, mtaalamu wa historia ya muziki katika chuo kikuu, na miongoni mwa vitabu hivyo Gentili akakuta juzuu 14 za Vivaldi.

Hapo walikabiliwa na tatizo zito. Maktaba haikuwa na fedha za kununua, na kama habari zingeenea, wafanyabiashara wa vitabu vya kale wangezinunua juzuu hizo na kuzitawanya. Wakanyamaza na kutafuta mfadhili. Aliyejitokeza alikuwa Roberto Foà, dalali wa hisa ambaye alikuwa amefiwa na mwanawe mdogo, Mauro. Alinunua mkusanyiko wote mwaka 1927 na kuutoa kwa maktaba ili ubebe jina la mtoto huyo. Gentili aliendelea kuzichunguza juzuu hizo akagundua kwamba hazikukamilika na kwamba mkusanyiko ulikuwa umekatwa vipande viwili. Nusu ya pili ilipatikana Genova kwa mrithi mwingine wa ukoo wa Durazzo, ambaye ilichukua muda mrefu kumshawishi auze. Mnunuzi safari hii alikuwa Filippo Giordano, mwenye viwanda vya nguo, naye pia alikuwa amempoteza mtoto wa kiume, Renzo. Mwaka 1930 nusu hizo mbili zilikaa tena katika chumba kimoja, juzuu 27 kwa jumla, na hadi leo msomaji anayeziomba pale Torino huziagiza kwa majina ya watoto hao wawili: Raccolta Mauro Foà na Raccolta Renzo Giordano.

Mwaka 1939, mwezi Septemba, wiki nzima ya muziki wa Vivaldi ilifanyika Siena, na *Gloria* ambayo kwaya nyingi huiimba siku hizi ikasikika tena. Gentili, aliyezikomboa karatasi hizo, alikuwa Myahudi, na sheria za ubaguzi za mwaka 1938 zilikuwa zimekwisha kumfungia milango ya chuo kikuu. Nalieleza hili kwa sababu masimulizi mengi ya ugunduzi huo humalizikia kwenye furaha na kumwacha mtu huyo pembeni, jambo ambalo si haki. Baada ya vita, mwaka 1947, taasisi ya kuchapisha kazi za Vivaldi ilianzishwa na Antonio Fanna, na kampuni iliyozitoa nota hizo ilikuwa Ricordi. Kwa njia hiyo Torino na Milano zilikutana.

Mimi nafanya kazi ya kutunza kumbukumbu ofisini. Karatasi hizo zimewezaje kudumu, na ni nini kinachozitishia?

Ndugu yangu, kuna jambo ambalo litakushangaza: katika hifadhi za namna hii, karatasi ya mwaka 1780 mara nyingi ina nguvu kuliko ya mwaka 1890. Ile ya zamani ilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, yenye nyuzi ndefu, wakati karatasi za viwandani za mwisho wa karne ya 19 zilitokana na miti iliyosagwa, nazo hugeuka rangi ya manjano na kuvunjika zikikunjwa. Karatasi ya zamani ina faida nyingine pia. Ukiiinua kwenye mwanga, inaonyesha alama ya kiwanda iliyofichwa ndani yake, na kwa alama hiyo mtaalamu anaweza kutambua kiwanda kilichoitengeneza na kukadiria mwaka ambao mtunzi aliitumia, hata kama hakuandika tarehe.

Adui aliye ndani ni wino. Wino uliotumika kwa karne nyingi ulitokana na vinundu vinavyoota kwenye mti wa mwaloni baada ya kutobolewa na nyigu, vikichanganywa na chumvi ya chuma na gundi ya mgunga. Mchanganyiko huo huandika vizuri na haufutiki kwa urahisi, lakini una tindikali, na chuma chake huharakisha kuoza kwa karatasi. Mahali ambapo mtunzi alijaza wino mzito, kwa mfano vichwa vyeusi vya noti zilizosongamana, karatasi huwa kahawia, kisha hupasuka, na mwisho noti hudondoka na kuacha tundu. Unyevunyevu huchochea jambo hili, na ndiyo maana vyumba vya hifadhi huwekwa katika hali isiyobadilikabadilika ya joto na unyevu, na mswada hulazwa ndani ya sanduku la karatasi isiyo na tindikali. Pale tundu linapoanza kutokea, mtengenezaji hubandika karatasi nyembamba mno ya Kijapani inayopitisha macho, akitumia gundi inayoweza kuondolewa tena.

Maadui wa nje ni vita, moto na maji. Agosti 1943 mabomu yaliangukia Milano kwa usiku kadhaa. Teatro alla Scala iliharibiwa vibaya, na karakana za uchapaji za Ricordi zikateketea pamoja na mabamba mengi ya kuchapia. Miswada ilinusurika kwa kuwa ilikuwa imehamishwa mapema. Nalihesabu tendo hilo la kufungasha masanduku na kuyaondoa mjini kuwa miongoni mwa matendo makubwa katika historia ya muziki wa Italia, ingawa halina wimbo wala sanamu. Maktaba ya Torino nayo iliungua Januari 1904, miaka 23 kabla ya juzuu za Vivaldi kuingia humo. Na tarehe 12 Novemba 2019, maji ya bahari yalipopanda Venezia hadi sentimita 187, maktaba ya konsevatori ya mji huo ilipata maji, na vijana wa kujitolea walikaa siku nyingi wakipachika karatasi za kunyonya maji kati ya kurasa zilizolowa, ukurasa kwa ukurasa.

Je, mtu asiye profesa anaweza kuziona nota hizo? Na kwaya yetu ikizinakili, tutakuwa tumevunja sheria?

Kuona kunawezekana. Sehemu kubwa ya barua, michoro na picha za Ricordi imepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti bila malipo, nayo maktaba za Italia zina lango la pamoja liitwalo Internet Culturale ambapo miswada kutoka Napoli, Venezia na kwingineko hufunguliwa kurasa kwa kurasa. Anayetaka kujua mswada fulani umelala wapi aanzie kwenye orodha ya kimataifa ya vyanzo vya muziki iitwayo RISM, iliyoanzishwa mwaka 1952 kwa kazi hiyohiyo. Kushika karatasi yenyewe ni jambo jingine. Huombwa kwa maandishi, hutolewa sababu, na mara nyingi mwombaji huelekezwa kwanza kwenye picha, maana kila mguso huipunguzia karatasi maisha.

Kuhusu sheria, Italia hulinda kazi ya mtunzi kwa miaka 70 baada ya kifo chake, chini ya sheria namba 633 ya mwaka 1941 kama ilivyorekebishwa. Verdi alifariki mwaka 1901 na Puccini mwaka 1924, kwa hiyo nota zao wenyewe ziko huru. Angalieni mambo mawili. Maneno ya opera yana mwandishi wake, na huenda alifariki miaka mingi baada ya mtunzi. Pili, toleo la kitaalamu lililotayarishwa upya kutokana na miswada lina kinga yake fupi, miaka 20 kwa sheria ya Italia, na hiyo ni haki ya wale walioketi miaka mingi wakilinganisha karatasi. Kwaya ikitumia chapa ya zamani haitakuwa na shida; ikitaka toleo jipya, ilikodishe.

Mpendwa Mhariri, mume wangu husisitiza kwamba Puccini aliimaliza opera yake *Turandot* mwenyewe. Mimi nasema hapana. Tuamulie.

Mama, wewe ndiye mwenye haki, na ushahidi uko Milano.

Puccini alikwenda Brussels kutibiwa saratani ya koo, akafariki huko tarehe 29 Novemba 1924. Alikuwa ameikamilisha opera hadi kifo cha Liù, yule kijakazi, katika tendo la tatu. Kilichobaki ni wimbo wa mwisho kati ya binti mfalme Turandot na Calaf, mwanamume anayempenda, pamoja na tamati. Kwa sehemu hiyo aliacha rasimu tu, kurasa zilizochafuka kwa mistari iliyokatwa na kuandikwa tena, ambazo sasa zimo katika hifadhi ya Ricordi. Kampuni ilimkabidhi mtunzi Franco Alfano rasimu hizo azimalize. Opera ilipoonyeshwa Teatro alla Scala tarehe 25 Aprili 1926, kiongozi wa orkestra Arturo Toscanini aliishusha fimbo yake baada ya kifo cha Liù, akawaambia wasikilizaji kwamba hapo ndipo mtunzi alipofikia, na pazia likashuka. Tamati ya Alfano ilianza kuimbwa katika maonyesho yaliyofuata.

Mambo hayakuishia hapo. Mtunzi Luciano Berio alirudi kwenye rasimu hizohizo akaandika tamati tofauti kabisa, tulivu, isiyo na kelele za ushindi, na iliyosikika kwa mara ya kwanza mwaka 2002. Wanamuziki wawili wamesoma karatasi zilezile na kufika mahali pawili, wala hakuna aliyeghushi. Katika moja ya karatasi hizo Puccini aliandika, pembeni mwa wimbo wa mwisho, maneno mawili ya Kiitaliano: *poi Tristano*, yaani "kisha Tristan", bila shaka akiikumbuka opera ya mapenzi *Tristan und Isolde* ya mtunzi Mjerumani Wagner. Wapo wanaosema alikusudia sauti fulani ya orkestra, wapo wanaosema alikusudia namna ya mapenzi kuishia katika utulivu, na Berio aliyasoma maneno hayo kwa njia yake. Mwambie mume wako kwamba picha ya rasimu hizo imekwisha kuchapishwa, na akiutazama mwandiko wa mtu aliyekuwa akishindana na wakati, ninaamini hatahitaji hukumu yangu.